Tezi Kumi na Moja Nilizoziacha

Jumatatu, 4 Machi 1957

Vumbi tena. Upepo unatoka ziwani tangu asubuhi, magadi meupe mpaka kwenye kioo cha darubini. Nimekifuta mara tatu. Slaidi za malaria thelathini na mbili, sampuli za choo kumi na tisa, za mkojo sikuhesabu. Mgongo unauma.

Saa tano Daktari Vaz akaja maabara mwenyewe, hakutuma mtu. Barua ya Nairobi mkononi. Ni majibu ya kipande cha nyama nilichokipeleka majuma mawili yaliyopita, cha yule mtu wa Molo anayetokwa na damu akienda haja. Miezi saba alitibiwa amiba huko alikokuwa. Hakuna aliyempima kwa kidole mpaka alipofika kwa Vaz. Vaz akakuta kitu kigumu ndani ya puru, pale utumbo unapoishia, kama jiwe lililofungwa kitambaa. Nairobi wanasema ni kansa. Tena ile mbaya, inayotoa kamasi nyingi, inayokimbilia kwenye tezi mapema.

Jina lake Tanui. Miaka thelathini na sita. Mimi nina thelathini na minne. Jambo hilo limenikaa siku nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Vaz amenichorea kwa penseli nyuma ya fomu. Anataka nielewe kabla ya upasuaji wa Jumatatu kwa sababu kitakachotolewa kitakuja kwangu.

Utumbo ni kama bomba lenye ukuta. Kansa ikiwa bado ndani ya ukuta, hiyo ni hatua ya kwanza, A. Ikitoboa ukuta na kutoka nje, ni B. Ikifika kwenye tezi, zile punje zilizolala ndani ya mafuta kando ya mishipa, ni C. Kwa macho ya nje huwezi kujua. Kwa picha ya eksirei huwezi. Lazima kukata, kushika kwa mkono, halafu kutafuta tezi moja moja na kuziweka chini ya darubini. Huko Uingereza alikosomea walikaa siku nzima juu ya utumbo mmoja.

"Iko tezi ndogo kama ulezi," akaniambia. "Ile ndogo ndiyo inaua. Kubwa kila mtu anaona."

Nampenda huyu mtu. Nasema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Ni Mgoa, mfupi, koti lake limekwisha viwiko, na hajawahi kunifanya nijisikie mjinga.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda wodini kumtoa Tanui damu ya kupima. Mrefu, mwembamba, mikono laini kuliko ya mwanamke. Nilishangaa. Akaona nikishangaa, akacheka. Ni mpanga sufu kwenye shamba la kondoo. Kazi yake kusimama mezani na kutenga sufu nzuri na mbaya kwa vidole, miaka kumi na minne sasa. Mafuta ya sufu ndiyo yanayoilainisha mikono.

Mkewe, Lea, ameketi sakafuni kando ya kitanda. Haondoki.

Nilikuwapo Vaz alipowaeleza. Hakuwaficha kitu. Puru yote itatolewa na pale nyuma patashonwa pafungwe. Choo kitatoka tumboni, upande wa kushoto, maisha yote. Lakini kwanza atafungua tumbo na kushika ini. Akikuta ini lina vinundu, atafunga bila kukata kitu, maana atakuwa anamtesa mtu bure.

Tanui akaitazama mikono yake. Akauliza swali moja tu.

"Nitaweza kuinama mezani?"

Vaz akasema ndiyo, baada ya miezi mitatu.

"Basi kata."

Lea naye akauliza mumewe atakula nini. Vaz akavuta kiti akamjibu hilo kwa robo saa nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Nimechoka lakini niandike.

Tanui alihitaji damu, na ya shemeji yake haikulingana. Yangu ililingana. Nimetoa chupa moja asubuhi, nikanywa chai yenye sukari nyingi, nikaenda kusimama chumba cha upasuaji na sinia yangu.

Eta, dawa ya usingizi, ilinuka mpaka uani. Vaz akafungua tumbo, akaingiza mkono wa kulia karibu mpaka kiwiko, juu, chini ya mbavu. Akafumba macho. Nilimwona akilipapasa ini polepole, upande hadi upande, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro. Sijui ni dakika ngapi. Sista alikuwa ameshika uzi hewani na hakuushusha.

Akafumbua macho. "Ini safi."

Halafu akapapasa kandokando ya mshipa mkubwa. Akasema anahisi labda kitu, labda si kitu. Akaamua kuendelea. Kazi ilichukua saa nne na nusu. Alifunga mshipa juu kabisa ili apate tezi nyingi iwezekanavyo. Alipomaliza, shati lilikuwa limegandana naye mgongoni, akapiga magoti sakafuni kutazama chupa ya mkojo ya mgonjwa kabla ya kukaa popote.

Sinia yangu ikajazwa. Nzito kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 12 Machi

Nimeupasua utumbo kwa urefu, nikautandaza juu ya ubao wa koki, laini kama kizibo cha chupa, nikaukaza kwa pini kama Vaz alivyonionyesha. Uvimbe wenyewe una upana wa kikombe cha chai. Kingo zimepinduka. Katikati shimo lenye ute. Nimeuchukia kwa kweli, kama unavyomchukia mtu.

Kisha mafuta. Nikakata na kupapasa, nikakata na kupapasa. Tezi saba. Nikazichora kwenye karatasi mahali pake, nikazipa namba. Kliniki ya watoto ilileta slaidi arobaini na moja saa nane na zote zilitakiwa leo. Sehemu ya juu, karibu na uzi aliofungia Vaz, nilipitisha vidole haraka. Sikuona kitu.

Saba zinatosha.

Ijumaa, 15 Machi

Chupa za tezi zimekwenda Nairobi kwa treni. Utumbo wenyewe nimeuacha kwenye mtungi wa formalini, dawa ya kuhifadhi, juu ya rafu. Tanui ana homa kidogo. Kidonda cha nyuma kinatoa maji. Lea anafua vitambaa.

Jumatano, 27 Machi

Majibu! Kansa imetoboa ukuta, lakini tezi zote saba ni safi. B. Vaz alinisomea barua mlangoni akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama mtoto wa shule. Akanishika bega. Kazi nzuri, Elija.

Tulikwenda wodini pamoja. Tanui alikuwa ameketi juu ya mpira wa hewa, anashona. Zile pamba na bendeji za hospitali za kufunika tundu la choo zinamvujia, basi amemwagiza Lea ngozi ya kondoo iliyolainishwa na fungu la sufu. Amejitengenezea mkanda. Sufu iliyooshwa ndani, ngozi nje, kifungo ubavuni. Hauvuji wala haunuki. Sista ameutazama kila upande. Amemwomba amtengenezee mwingine fundi wa reli wa kitanda cha sita, ambaye tangu akatwe vivyo hivyo amegeukia ukuta na haongei na mtu.

Tanui hakumtengenezea. Alimpelekea sindano na ngozi, akaketi kando yake akafungua shati akamwonyesha tundu lake mwenyewe, jekundu, lenye mdomo. Akasema, "Shona yako. Mimi nitakuonyesha tu." Yule fundi akashona.

Watu wa namna hii nimekutana nao wachache.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya.

Majibu yakishakuja, kilichobaki huchomwa. Nikashusha mtungi. Nikaumwaga. Sijui kwa nini nilipitisha vidole tena pale juu, karibu na uzi. Formalini ilikuwa imeyakausha mafuta hata yakawa magumu, na ndani yake kuna kitu. Punje. Nikakata. Tezi. Nyeupe, ngumu. Kando yake nyingine.

Nimeurudisha utumbo mtungini. Nimefunga kifuniko. Nimeketi.

Tezi za juu ndizo za maana kuliko zote: zikiwa mbaya, kansa imekwisha kusafiri mbali. Vaz alinichorea. Nilikuwa na slaidi arobaini na moja na nikapitisha vidole haraka. Ukweli ndio huo.

Hakuna anayejua. Motoni mara moja na mambo yamekwisha. Tanui ameambiwa amepona. Mimi ninasubiri kupandishwa daraja mwezi wa sita.

Jumapili, 31 Machi

Kanisani. Sikusikia hata neno moja. Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Hata uongo wangu ni wa tumbo.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemwambia.

Nilimngoja mlangoni kwake saa mbili kasoro. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache. "Daktari, nilikosea. Sehemu ya juu sikuitafuta. Kuna tezi."

Nikaona taya linasogea. Nikajua kazi yangu imekwisha. Akavua koti, akaja nami maabara, akavuta kigoda akaketi kando yangu mezani. Akaniomba kisu.

Tulifanya kazi mpaka saa sita. Yeye upande mmoja wa ubao, mimi upande wa pili. Mafuta yote tuliyakata mapande membamba kama kitunguu cha kukaanga, tukayasugua kati ya vidole. Alinifundisha kuifumba macho mikono, ndivyo alivyosema, yaani usitazame, sikiliza vidole. Mara mbili alitumiwa mtu kutoka wodini, mara mbili akajibu anakuja.

Tezi kumi na moja zaidi. Kumi na moja! Nyingine kama ulezi kweli.

Alipokuwa ananawa akasema, bila kunitazama, "Mimi pia nilishika pale juu Jumatatu ile. Nikasema labda. Ilikuwa lazima nikuambie tafuta sana pale. Sikukuambia." Akafuta mikono. "Sasa wote wawili tunajua."

Kosa lilikuwa langu. Yeye akachukua nusu na kwenda nayo. Nilikwenda nyuma ya stoo ya kuni nikalia kidogo.

Ijumaa, 12 Aprili

Majibu. Katika kumi na moja, tatu zina kansa. Mbili ni zile za juu nilizozikuta mwanzo.

C.

Kesho tunamwambia. Vaz amesema anaweza kwenda peke yake. Nimesema hapana.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Bati la wodi lilipiga kelele hata tukangoja ipungue ndipo tuongee.

Vaz akamwambia Tanui na Lea waziwazi. Nilidhani atasimama hapo. Lakini Tanui akauliza ilikuwaje majibu yabadilike, na Vaz akanitazama, akaniachia.

"Mimi ndiye niliyezitafuta," nikasema. "Nilitafuta nusu. Zile mbaya nilizipita."

Lea alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaandika.

Tanui akajikaza kukaa wima. Halafu akasema anataka kuiona hiyo kitu. Sista akakataa, Vaz akakubali. Tukamleta maabara kwa kiti cha magurudumu, Lea akisukuma. Nikautoa ubao. Nilitaka kufunika uvimbe kwa kitambaa, akaniambia acha.

Akautazama muda mrefu. Akauliza kila pini ni ya nini. Nikamwonyesha karatasi yangu yenye namba, kumi na nane sasa, na zile tatu nilizozizungushia wino mwekundu. Akaomba kushika tezi moja iliyobaki, safi, halafu kipande cha ile mbaya. Akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiwa dirishani.

"Hii iko na mchanga ndani," akasema.

Vaz akaniangalia. Ndivyo ilivyo hasa. Mimi ilinichukua mwezi kuijua tofauti hiyo.

Kisha akaniambia mimi. "Bwana, kwa meza yangu mtu akipanga vibaya na akanyamaza, mimi namfukuza siku hiyo. Akirudi mwenyewe akasema hii fungu nimeharibu, hiyo namwacha. Lakini anapanga tena yote, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake."

"Nimepanga tena yote," nikasema.

"Naona."

Lea alichukua kitambaa nilichokuwa nimekishika akaufunika ubao yeye mwenyewe.

Jumatatu, 29 Aprili

Wameondoka leo kwa treni ya asubuhi. Tanui anatembea polepole, ameshika mkono wa Lea, mkanda chini ya koti. Stesheni askari walikagua kila karatasi, wakataka kujua ni nini kimevimba ubavuni. Akafungua koti akawaonyesha. Walimpisha upesi sana. Alicheka mpaka akashika kidonda.

Kabla hajaondoka Vaz alimpa neno. Amesoma kwamba kuna madaktari ng'ambo ambao, mgonjwa akiwa na tezi mbaya, hawangoji augue tena. Baada ya miezi sita wanamfungua akiwa mzima ili kutazama kama kuna kilichobaki, na kukitoa kikiwa kidogo. Hajawahi kufanya hivyo. Hajui mtu wa huku aliyefanya. Akasema hayo yote. Akasema pia kwamba huenda akamkata bure.

Tanui akajibu atafikiri akiwa mezani. Huko ndiko anakofikiria vizuri.

Alhamisi, 20 Juni

Sikupandishwa daraja. Vaz aliandika ukweli kwenye ripoti yangu, kosa na kuungama. Nilikasirika siku mbili. Leo hasira imekwisha. Angeandika uongo ningeacha kumheshimu.

Jumatatu, 19 Agosti

Barua kutoka Molo, mwandiko wa Lea. Tanui amerudi kazini tangu Julai. Anasimama nusu siku. Ameongeza uzito, suruali za zamani zinabana. Wenzake wanamwambia mtu asiyeumwa hakatwi, ni wazimu, shukuru Mungu na ukae. Mwenye shamba naye amesema hivyo hivyo. Lea hakuandika yeye mwenyewe anasemaje.

Nimempa Vaz barua. Akaisoma mara mbili akasema wana haki wote. Hatamtumia neno. Atangoja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tanui amekuja!

Peke yake, na kifurushi cha nguo. Amenona, ana rangi. Ukimwona ungemdhania ni mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Amemaliza msimu wa kukata manyoya ndipo akaja, hakutaka kuwaacha katikati. Nilimwuliza kwa nini amekubali wakati kila mtu alimkataza.

"Wote wanasema mimi iko mzima," akasema. "Hakuna hata mmoja ameshika ndani."

Nikatafuta slaidi ya kutazama nisimwangalie usoni.

Lea amebaki kwa sababu ana mimba ya miezi minne. Akaniambia hilo akiwa amegeukia dirisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza alikuwa mgonjwa. Leo tumemlaza mtu mzima.

Vaz alikata kwenye kovu lile lile. Matumbo yalikuwa yameshikana, ilimchukua saa nzima kuyaachanisha, uzi kwa uzi, bila kutoboa hata mahali pamoja. Sijaona mikono yenye subira hivyo. Ini kwanza, macho yamefumbwa. Safi. Fupanyonga. Safi. Halafu kando ya mshipa mkubwa, juu ya pale alipofunga uzi mwezi Machi. Akasimama. Akarudi. Akaniambia ninawe nivae glavu.

Mimi! Mtu wa maabara. Sista akafungua mdomo akaufunga.

Akaniongoza kidole. Joto, na mshipa unapiga, na kando yake, kidogo kama punje ya ngano, mchanga. Nikasema, "Iko." Vaz akasema, "Ndiyo. Iko." Akaikata akiwa ameshikilia pumzi, maana mshipa ule ukipasuka hakuna tena cha kufanya. Ikaja sinia yangu na mafuta yake yote.

Akapapasa mara nyingine kila mahali. Hakuna zaidi. Hakuna anachoweza kushika, alisahihisha. Yeye husahihisha hata akiwa amechoka hivyo.

Safari hii nimeyakata mafuta yote leo hii hii. Yaliyobaki sinia nzima yalikuwa laini. Slaidi za malaria zilingoja hadi jioni na mkubwa wangu alinung'unika. Anung'unike.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nairobi: tezi ina kansa. Pembeni yake safi.

Vaz alimweleza. Nzuri ni kwamba ilikuwepo na sasa haipo. Mbaya ni kwamba ilikuwepo. Akamwambia angependa kutazama tena mwezi Aprili.

Tanui akamshukuru kwa heshima nyingi, akamwita Bwana Daktari, akasema hapana.

Vaz alijaribu mara moja. Tanui akasema umetazama mara mbili na umetoa kila ulichokuta. Mwezi wa Machi mtoto anazaliwa. Mwezi wa Aprili anataka kuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, si chali kitandani. Kama iko nyingine ndani, itakuja kusema yenyewe.

Niliona Vaz anataka kubishana. Nilimwona akiacha. Akampa mkono, wakashikana muda mrefu, mkono mfupi na mkono mrefu, yote miwili laini. Wanajua kazi, wote wawili. Nilijisikia mdogo na sikuona vibaya.

Usiku sikuandika. Naandika Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeudhika na Tanui, sasa sijui.

Jumapili, 9 Machi 1958

Nimekwenda Molo. Nilialikwa ubatizo. Msichana, majuma mawili, jina Ruthi. Baridi kali, ukungu mpaka saa nne, kisha jua jeupe. Nilichukua treni ya alfajiri na shuka la mtoto alilolifuma mke wangu.

Vaz hakuweza kuja, ana wagonjwa. Alituma kopo la biskuti na swali moja: uzito wa Tanui. Nikamwuliza Tanui, akasema hajui, kondoo tu ndio hupimwa hapa. Lea alinipokea kwa mikono miwili. Ni mara ya kwanza kunipa mkono.

Amekonda kidogo usoni, Tanui. Au ni baridi. Au ni mtoto anayelia usiku. Sikuuliza. Alikula vizuri, mara mbili. Alinionyesha meza yake, banda la sufu, mafungu manne yaliyopangwa. Akanifunga macho kwa kitambaa akanipa nishike, nikakosea matatu. Wenzake walicheka.

Baada ya chakula wageni wakaenda kuangalia ng'ombe. Yeye akajilaza kwenye majani nyuma ya nyumba, kofia juu ya macho, akasinzia. Nilikaa karibu naye. Koti limefunguka, shati limepanda kidogo, tumbo linapanda na kushuka. Mikono yangu ilitaka kupapasa. Nilijua hasa pa kuanzia, chini ya mbavu za kulia, kwenye ini.

Niliiweka magotini.

Lea akatoka na mtoto, akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Akakaa chini. Kondoo walikuwa mbali, upande wa pili wa bonde.

Tanui akaamka mwenyewe, akauliza kama chai imebaki.